Misingi ya Elimumlio

Elimumlio ni taaluma changa inayochunguza uhusiano wa mambo matatu: mlio wa mashine, kitu kilichomo ardhini, na maneno anayoyatamka mchimbaji baada ya kukiona kitu hicho. Maabara yake ni mashamba ya mkonge yaliyoachwa, kuanzia Muheza na Korogwe hadi Kilosa, ambako mkonge usiovunwa umetoa milingoti juu ya vichaka, na nyumba za mameneja zimebaki kuta, ngazi na mwembe mmoja. Vifaa vyake ni mashine ya kutambua metali, sururu, mtaimbo, tochi, na simu yenye salio la kumpigia mfadhili. Lengo lake, kwa lugha ya wenyewe, ni mali ya Mjerumani, ile anayosemekana kuifukia alipokimbia vita.

Pamoja na kushamiri kwake, taaluma hii haijapata mpangilio. Linnaeus alipoainisha vitu vya dunia mwaka 1735 alivigawa katika wanyama, mimea na mawe, akaishia hapo. Vizibo vya soda havikumsumbua. Makala haya yanajaribu kuziba pengo hilo.

Tuanze na chombo. Ndani ya sahani yake ya mviringo mna koili inayopitisha umeme unaobadilika-badilika, na umeme huo huzaa uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga ukikuta metali, huamsha humo mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo huzaa uga wake, mashine huunasa, na mlio hutoka. Basi. Mashine haiijui dhahabu. Inajua tu kwamba kitu fulani kinapitisha umeme vizuri au vibaya, na kwamba kina chuma au hakina. Kukipa kitu jina ni kazi ya binadamu, na hapo ndipo fizikia inapoishia na elimumlio inapoanza. Sarafu moja, mashine ya kawaida huisikia ikiwa kwenye kina cha sentimita 20 au 30, tena udongo ukiwa mpole. Udongo wetu mwekundu si mpole: wekundu wenyewe ni chuma, kwa hiyo mashine isiyorekebishwa hulia hata pasipo kitu, na watu wazima huvua mashati na kuchimba rangi.

Historia ya chombo hiki ingepaswa kumtia mtafutaji adabu. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell akaunda kifaa cha kuitafuta ile risasi mwilini. Kwenye majaribio kifaa kilifanya kazi. Juu ya mgonjwa kikalia ovyo, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kitanda. Rais akafariki. Hapo tayari tunamwona mtaalamu aliyeheshimika akichanganya kitanda na mzigo. Katika Vita vya Pili, Józef Kosacki, ofisa wa jeshi la Poland aliyekuwa Uingereza, alibuni mashine ya kutambulia mabomu ya ardhini iliyotumika El Alamein mwaka 1942. Watumiaji wa siku hizo walikuwa na nidhamu ambayo imepotea kabisa Korogwe: waliomba isilie.

Milio tunaigawa katika aina nne. Ya kwanza ni mlio mzito, wa kukatika-katika, nao ni chuma: msumari, nati, kipande cha jembe. Wanagenzi huudharau na kuifunga mashine isiusikie, jambo tutakaloona gharama yake. Wa pili ni mwembamba, safi, unaorudi vilevile sahani ipite kutoka upande wowote. Unaweza kuwa fedha, shaba, au kifunguo cha kopo la bia. Wa tatu hutokea mara moja na haurudi. Mwanafizikia husema ni udongo, wenyeji husema mali imehama. Nadharia ya mali kuhama ina nguvu isiyo kifani kitaaluma, kwa kuwa hakuna shimo linaloweza kuikanusha, na kila shimo tupu huongeza ushahidi wake. Mlio wa nne husikika pale tu mfadhili kutoka Dar es Salaam anapokuja kukagua kazi. Hukoma akishatoa posho.

Sasa vitu. Jamii ya kwanza kwa wingi ni vizibo, pamoja na ndugu zake wa karibu: karatasi za bati za sigara, betri za redio zilizotoka uchi, na macho ya viatu vya kufunga kwa kamba. Hukaa tabaka la juu na ni ya hivi karibuni, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba Mjerumani aliitupa makusudi ili kupoteza watu.

Jamii ya pili inadai subira, maana ndiyo iliyoijaza ardhi. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893: miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, ikafika ikiwa hai 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62 zilitoka ekari kwa maelfu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Tatizo la mkonge ni kwamba singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni maji na makapi. Tani moja ya singa inataka tani kama 25 za majani mabichi zifikishwe kwenye korona, mashine ya kutenga singa, kabla hazijakauka. Hakuna mgongo wa mtu unaoweza hesabu hiyo, ndiyo maana kila shamba lilitandikwa reli nyembamba za troli, kilomita kwa kilomita, zikihamishwa kufuata ukataji. Ziking'olewa hapa na kulazwa pale, huacha misumari, nati, viungo, na magurudumu yaliyopasuka. Manamba waliotoka Songea, Kigoma na Burundi waliacha nao ya kwao: visu vya kukatia, mapanga yaliyoliwa hadi kwenye mpini, sufuria zenye viraka, koroboi, kufuli za masanduku.

Hiyo ndiyo mali hasa iliyomo ardhini, na karibu yote hulia mlio wa kwanza, ule unaozimwa.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Wakati huohuo kamba za plastiki zilikuwa zimeshaanza kuangusha bei ya katani duniani. Shamba moja baada ya jingine likasimama, na reli zikabaki majanini zikingoja. Waliozijia ni wanunuzi wa chuma chakavu. Walichukua reli, mataruma ya chuma, magurudumu na mabamba ya korona, wakapima kwa kilo na kulipwa siku hiyohiyo. Nikitazama kumbukumbu zote za fani, naona hao ndio peke yao waliokwishaipata mali ya Mjerumani kwa wingi na kuinywea chai. Lakini fani haiwatambui. Hawakutumia mashine, hawakuchinja mbuzi, na walifanya kazi mchana.

Jamii ya tatu ni sarafu. Kilele chake ni rupia ya fedha yenye Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia yenye tai juu, uzito wake gramu 11 na ushei. Kabla ya 1904 rupia iligawanywa katika pesa 64. Baada ya hapo, katika heller 100. Rupia nzima hupatikana kwa nadra, kwa sababu mtu aliyekuwa na rupia alijua iko wapi. Heller ndizo zinazopatikana, tena zile ndogo, zilizopita kwenye tundu la mfuko bila mwenyewe kusikia. Tahadhari ya kitaalamu inahitajika hapa. Heller 10 ina tundu katikati, na senti 5 na 10 za Mwingereza aliyemfuata zina tundu vilevile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya "heller" zinazofungwa kwenye leso na kupelekwa mjini kimyakimya zimeandikwa EAST AFRICA kwa herufi kubwa. Mwenye nazo akielezwa hivyo huuliza kama Mjerumani hakuwa Afrika Mashariki. Kuna pia tabaka la juu zaidi, senti 20 ya mbuni na senti 50 ya sungura, zilizotoka mwaka 1966 na ambazo wapo walio hai wanaokumbuka walizipoteza wapi.

Soko la jamii hii lina utaratibu mmoja. Mnunuzi hutaka kuiona rupia kabla hajaonyesha pesa, muuzaji hutaka kuziona pesa kabla hajatoa rupia, na kati yao hukaa madalali watano wasiowahi kuona hiki wala kile. Biashara imekwama hapo kwa miaka mingi na inaendelea vizuri.

Jamii ya nne, maganda ya risasi, nitaipita haraka. Waingereza na wanajeshi wao kutoka India walishindwa vibaya Tanga mwezi Novemba 1914, wakarudi na kuuchukua mji Julai 1916, na katika kupigana huko watu walimwaga shaba nyingi vichakani. Ganda tupu ni sampuli. Ganda lisilo tupu si la kugongwa kwa nyundo ili kujua lina nini. Waliojaribu hawakuandika makala.

Jamii ya tano ni dhahabu. Ni jamii ya kipekee kwa kuwa fasihi yake ni kubwa kuliko vielelezo vyake, na ndiyo inayohitaji hesabu.

Sarafu ya dhahabu ya koloni hili ni moja tu: rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati meli za Waingereza zimeziba bahari na fedha kutoka Berlin haziingii. Upande mmoja ina tai, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Zilitengenezwa sarafu 16,198, kila moja gramu 7 na kidogo, na robo ya uzito huo si dhahabu. Zidisha: jumla ni kilo kama 116. Gunia moja la mahindi lililojazwa vizuri na nyongeza ya debe.

Sasa weka hesabu hiyo mbele ya masimulizi ya vijiweni. Kila shamba lina kasha lake, na kila kasha, kwa mujibu wa wote wanaosimulia, lilibebwa na watu wanne kwa taabu. Watu wanne hubeba kilo 100 bila taabu ya kusimuliwa. Kasha la kwanza, basi, limekwisha kumaliza karibu rupia zote za Tabora. Kasha la pili inabidi lijazwe imani. Halafu kuna suala la njia. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, na Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba mwaka huohuo. Sarafu iliyotaka kuzikwa Muheza ingelazimika kuvuka mstari wa vita ikielekea kwa adui, ikazikwe chini ya mwembe mbele ya macho yake.

Na lipo jambo ambalo masimulizi hayaligusi kabisa: Wajerumani walirudi. Mashamba yao yalikuwa yameuzwa kama mali ya adui, yakaangukia kwa Wagiriki, Wahindi na Waingereza. Lakini kuanzia mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa tena kuingia Tanganyika, wakaja, wakanunua ardhi, wakalima mpaka vita vya 1939 vilipowafanya wawekwe kizuizini. Walikuwa na miaka 14, majembe, vibarua, na kumbukumbu ya mahali walipofukia. Wafuasi wa nadharia ya kasha hujibu kwamba waliorudi siyo wale waliozika. Jibu zuri. Linaeleza kwa nini hakuna aliyepata kitu, na bado linaliacha kasha pale pale.

Kwa nini basi tunaendelea kuchimba? Napendekeza Kanuni ya Haraka: ukubwa wa hazina ni sawa na haraka aliyoondoka nayo mwenye mali, gawanya kwa idadi ya mashahidi walio hai. Kanuni hii inaweza kupimwa. Twende Kongwa, Dodoma. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi wa karanga, ikikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 hapo Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta. Mibuyu ikagoma kung'oka, udongo wa mfinyanzi ukakauka mpaka ukavunja majembe ya matrekta, mvua ikakataa kufuata ratiba. Mradi ulifungwa mwaka 1951 ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Kwa uzito wa metali iliyopotelea ardhini, sidhani kama lipo shamba la Mjerumani linaloikaribia Kongwa. Lakini umewahi kumsikia mtu anayetafuta mali ya Mwingereza? Haraka yake ilikuwa ndogo, mashahidi wengi, na hasara yenyewe ilijadiliwa bungeni London kwa siku kadhaa mbele ya waandishi wa habari. Hasara yenye risiti haigeuki hazina. Mjerumani aliondoka usiku, kwa mguu, akifuatwa na mizinga. Jibu la kanuni ni kubwa hata kabla hujaweka tarakimu.

Sehemu ya tatu ya elimumlio ni ya watu. Hapa uainishaji ni mwepesi, kwa kuwa kila msafara una mmoja wa kila aina.

Yuko Mzee wa Kumbukumbu. Babu yake alikuwa mpishi wa bwana shamba, na usiku wa kuondoka alishika taa wakati kasha linateremshwa. Waliochimba shimo wote walipigwa risasi ili siri isitoke. Msomaji makini atauliza siri ilitokaje, lakini kwa adabu hatumuulizi mzee. Hata hivyo nimewasikia vijana wakijaribu kwa mbali:

"Shikamoo babu. Sasa yeye babu yako ilikuwaje wakamwacha?"

"Marahaba. Alikuwa mpishi, mjukuu wangu. Nani angewapikia asubuhi?"

Sijaona katika fani nzima hoja iliyojengwa vizuri kuliko hii.

Yuko Mwenye Mashine, kijana anayelipwa kwa siku na siyo kwa kupatikana kitu. Ndiye mtu pekee asiye na haraka. Yuko Mtaalamu wa Kienyeji, anayezungumza na walinzi wa mali, nao hudai kaniki, ubani na mbuzi mweusi asiye na doa. Mbuzi huyo hurudi jioni akiwa supu, na ndiye tokeo pekee la utafiti lililokwisha kugawanywa kwa haki kwa wote walioshiriki. Yuko Mfadhili, mwenye gari lenye vioo vyeusi, ambaye hajulikani jina na ambaye kila baada ya mbuzi huambiwa kwamba tumefika kwenye zege. Zege ni neno la kiufundi: maana yake ni wiki mbili zaidi. Halafu kuna watoto wanaochunga mbuzi waliosalia. Hao hawamo kwenye msafara. Huokota heller baada ya mvua kubwa, juu kabisa ya njia, na kuzitumia kuchezea bao.

Sheria nayo ina la kusema, ingawa kwa sauti isiyofika shambani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu kuwa vya kale, bila tangazo lolote, vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na mwenye kufukua vya namna hiyo anatakiwa awe na leseni. Mjerumani Carl Peters alifika kuwasainisha machifu wa Usagara na Uzigua mwaka 1884. Mjerumani, kwa hiyo, alichelewa miaka 21 kuwa wa kale. Hiyo haimpi mtu ruhusa ya kufukua shamba la mwenziwe, na mashamba mengi ya mkonge yanayoitwa yameachwa yana mwenyewe: kampuni, halmashauri, au kijiji kilichogawiwa ekari zake na kuzipanda mihogo. "Limeachwa" ni maelezo ya hali ya majani. Hati ya ardhi husema lake.

Tumalizie na mashimo, maana ndiyo machapisho ya fani hii na ndiyo yanayobaki. Shimo la Jaribio ni la kiwiko kimoja, huchimbwa kwa panga, na hutoa kizibo. Shimo la Ubishi huanza kama la Jaribio, kisha kizibo kinatangazwa kuwa dalili. Hufika kiunoni. Shimo la Mfadhili ni la mraba, lina ngazi ya miti na kivuli cha turubai, na hupita kina cha sentimita 30 ambacho mashine husikia mara kumi au zaidi, hivyo kuanzia hapo huchimbwa bila msaada wa chombo chochote ila simu.

Wakulima wa mihogo wamegundua matumizi ya aina ya pili. Kwa upana na kina Shimo la Ubishi ndilo hasa shimo la mgomba, na kazi ngumu ya kulichimba imeshalipiwa na mtu mwingine. Wanachotakiwa kuongeza ni samadi. Katika baadhi ya vitongoji utaona migomba imestawi shambani bila mstari wowote, ikifuata milio. Migomba ilipoanza kuzaa, wachimbaji walirudi kudai mkungu mmoja kwa kila shimo. Wenye migomba wakajibu kwa kudai fidia ya mihogo iliyong'olewa. Mwenyekiti wa kitongoji ameahirisha shauri mara ya pili, na safari hii ameagiza kila upande uje na mashahidi, na Mwenye Mashine aje nayo.